Chujio la kidimbwi cha uani: Chagua lile utakaloweza kuliosha

IKIWA una kidimbwi cha samaki nyuma ya nyumba, au unapanga kuchimba kimoja, huenda haya si mageni kwako. Mwezi wa kwanza maji huwa maangavu hivi kwamba waweza kuhesabu mawe yaliyo chini. Mwezi wa pili hugeuka rangi, yakawa kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki. Kufikia mwezi wa tatu samaki wawili wamepatikana wakielea asubuhi, harufu imeanza kuingia jikoni, na jirani anauliza kutoka upande wa pili wa ua ni kwa nini siku hizi mbu wamezidi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua chujio. Muuzaji huwaonyesha lile kubwa zaidi, lenye mabomba mengi na taa ndani, nao hulipa na kwenda zao. Baada ya miezi sita chujio limeziba, pampu imezimwa ili kupunguza bili ya stima, na kidimbwi kimeachwa. Kuanzia siku hiyo, jambo hili si la mapambo tena bali ni la afya.

Kidimbwi kinachotunzwa, chenye samaki na maji yanayotembea, hakiwafai mbu. Kilichoachwa huwafaa sana. Watafiti waliofanya kazi Kisii walichapisha matokeo yao mwaka wa 2007 baada ya kuweka ngege katika vidimbwi vilivyokuwa vimeachwa na wenyewe. Katika muda wa majuma 15, viluwiluwi vya mbu wanaoeneza malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Mwaka wa 2008 walieleza upande wa pili wa habari hiyo, kwamba mfugaji anapokata tamaa na kukiacha kidimbwi chake, mbu hao huongezeka.

Mkazi wa Nairobi aweza kusema kwamba malaria ni ya Kisumu na Busia, wala si ya mji ulio mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli kwamba baridi ya huku hutusaidia. Hata hivyo, mwishoni mwa 2022 mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia, alipatikana katika kaunti ya Marsabit, na habari hizo zikatangazwa mwaka wa 2023. Mbu huyu hueneza malaria na, tofauti na wenzake, hupenda miji na huzaa katika matangi na vyombo vya maji vya watu. Nao wakazi wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa mlipuko wa homa ya dengi wa 2013. Mbu aenezaye ugonjwa huo huzaa ndani ya mapipa, madebe na magurudumu makuukuu na, tafadhali kumbuka hili, ndani ya chujio lililozimwa likabaki na maji.

Aidha, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina sehemu nzima kuhusu kuzuia na kuangamiza mbu. Mahali wanapozaliana mbu katika boma lako huhesabiwa kuwa kero kisheria, hata kama palichimbwa kwa gharama kubwa na kuzungushiwa maua.

Swali la kwanza basi lisiwe chujio lipi lina nguvu zaidi. Jiulize ni nani atakayeliosha, mara ngapi, na kama kazi hiyo inaweza kumalizika kabla ya chai kupoa.

KAZI MBILI

Chujio la kidimbwi hufanya kazi mbili, na watu wengi huifahamu ya kwanza tu, yaani kunasa uchafu unaoonekana, kama vile majani, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Kazi hii hufanywa na sponji, brashi au neti.

Kazi ya pili haionekani, nayo ndiyo inayookoa samaki. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kupitia kinyesi. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo. Ndani ya chujio huishi bakteria ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hujishikiza juu ya sponji, mawe na vipande vya plastiki. Wanahitaji mambo mawili: mahali pengi pa kujishikiza, na maji yenye oksijeni yanayopita usiku na mchana.

Kutokana na hayo utaona kwa nini chujio jipya halifanyi kazi yake yote siku ya kwanza. Bakteria huchukua kati ya majuma manne na sita kuongezeka vya kutosha. Ukijaza samaki 40 siku moja na chujio, wengi watakufa, nawe utalilaumu chujio bure. Anza na wachache, uwalishe kidogo, kisha uongeze polepole.

Utaona pia kosa ambalo hufanywa na watu wasafi kupindukia. Hutoa sponji, wakaisugua kwa sabuni chini ya mfereji hadi ikang'aa. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo kazi yake hasa ni kuua vijidudu. Sabuni humalizia waliobaki. Sponji hiyo hurudishwa ikiwa safi lakini haina uhai, na baada ya siku chache samaki huanza kupanda juu wakihema. Sponji ya chujio huoshwa kwa maji ya kidimbwi chenyewe. Chota karai moja, ikamue mara tatu au nne, uirudishe. Ikibaki na rangi ya kahawia, hakuna neno.

PIMA KWANZA

Kabla hujaenda dukani, jua kidimbwi chako kina lita ngapi. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, kisha uzidishe kwa 1,000. Kidimbwi chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60 kina lita 3,600. Pampu inayofaa ni ile inayoweza kuyapitisha maji yote katika chujio mara moja kwa kila saa moja au mbili. Kwa mfano wetu, hiyo ni kati ya lita 1,800 na 3,600 kwa saa. Lakini nambari iliyoandikwa kwenye kasha la pampu hupimwa bila kupandisha maji. Kila unapoyainua juu zaidi kuelekea kwenye chujio, kiasi hicho hupungua, kwa hivyo nunua inayozidi hesabu yako kidogo.

Tazama pia wati. Pampu ya wati 40 ikifanya kazi mchana kutwa na usiku kucha hutumia karibu yuniti 29 za stima kwa mwezi. Fanya hesabu hiyo mapema, maana ukiizima usiku ili kuokoa pesa utakuwa umewanyima bakteria hewa, na wakati huohuo samaki nao huwa na haja kubwa zaidi ya oksijeni, kwa kuwa mimea ya majini haiitoi gizani. Pampu ya nguvu za jua isiyo na betri ina kasoro hiyohiyo.

Sasa tuje kwa machujio yenyewe.

Lile la bei nafuu kabisa ni kisanduku cha plastiki chenye sponji ambacho huzamishwa ndani ya maji pamoja na pampu. Halionekani, nalo hufaa kidimbwi kidogo chenye samaki wa dhahabu watano au sita. Ubaya wake hujitokeza siku ya kuliosha. Ni lazima uingize mkono hadi begani, na unapoliinua nusu ya uchafu humwagika kulekule ulikotoka. Kwa kuwa halionekani, pia husahaulika. Wakati wa jua kali huenda likahitaji kuoshwa kila juma. Sijui watu wengi ambao wamedumu na kazi hiyo mwaka mzima.

La pili ni lile la kufungwa kwa shinikizo, linalofanana na mtungi wa gesi. Maji huingia kwa nguvu, hupita kwenye sponji na kutoka. Mengi ya aina hii yana mpini juu yake: unageuza valvu, unavuta mpini mara kadhaa ili kukamua sponji ndani kwa ndani, nao uchafu hutoka kupitia bomba lake. Ni kazi ya dakika tano, bila kulowa. Kwa mtu mwenye uwezo ni chaguo zuri. Lakini kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana sponji na mipira ya kuziba ya akiba hapo dukani, si "tutakuagizia". Mpira wa shilingi chache ukikatika na usipatikane, umenunua mtungi mtupu.

Kuna wanaoshauriwa kutumia chujio la mchanga la bwawa la kuogelea. Kataa. Mchanga huo ni mwembamba mno kwa kinyesi cha samaki, huziba na kugandamana baada ya muda mfupi, na pampu yake hula stima.

PIPA LA LITA 200

Kwa maoni yangu, familia nyingi za mjini zitafaidika zaidi na chujio la pipa, ambalo fundi yeyote wa mabomba anaweza kulitengeneza kwa siku moja. Chukua pipa la plastiki la lita 200 ambalo halikuwahi kubeba kemikali. Lisimamishe kando ya kidimbwi, mdomo wake ukiwa juu ya usawa wa maji. Pampu huleta maji kwa bomba hadi karibu na sakafu ya pipa. Maji hupanda polepole, hupita kwanza kwenye brashi au sponji za matundu makubwa, kisha kwenye makazi ya bakteria, kisha hutoka kwa bomba pana karibu na mdomo na kurudi kidimbwini yakianguka. Kule kuanguka huyaongezea oksijeni.

Jambo ambalo usimruhusu fundi kuliacha ni valvu ya kutolea uchafu chini kabisa ya pipa. Iwe ya inchi moja na nusu au zaidi, maana ile ndogo huziba. Uchafu mzito hutulia chini wenyewe. Mara moja kwa juma zima pampu, fungua valvu kwa nusu dakika, maji meusi yatoke, funga, washa. Hiyo ndiyo kazi yote ya juma. Sponji zenyewe zaweza kungoja mwezi mmoja.

Makazi ya bakteria si lazima yanunuliwe. Vifuniko vya plastiki vya chupa za soda hufaa, na vilevile vipande vya mabomba membamba vilivyokatwakatwa. Vitie ndani ya mifuko ya neti ile ya kuuzia vitunguu, ili siku ya kuosha uinue mfuko mmoja mmoja kwa mkono. Fundi huenda akapendekeza kujaza pipa kokoto kwa kuwa ni rahisi kupata. Pipa la kokoto huwa na uzito wa karibu kilo 300. Halitainuliwa na mtu, kwa hivyo halitaoshwa, na baada ya mwaka litakuwa shimo la matope yanayonuka kama mayai mabovu.

Kokoto zina mahali pake pengine. Ukiwa na nafasi, tengeneza kitanda cha kina cha sentimita 30 kando ya kidimbwi, ukijaze kokoto, upande nduma, na umwage humo maji yanayotoka kwenye pipa kabla hayajarudi kidimbwini. Nduma hupenda miguu yake ikae majini na hunywa nitrati kwa pupa. Kitanda hiki hakioshwi ila kwa nadra, mradi uchafu mzito umeachwa kwenye pipa. Maji yasionekane juu ya kokoto. Yapite chini yake, la sivyo umewajengea mbu kitanda. Magugu maji, ambayo kila aliyefika Kisumu anajua yalivyolifanya Ziwa Victoria, usiyalete kamwe hata kama maua yake yanakuvutia.

MAMBO AMBAYO CHUJIO HALIFANYI

Rangi ya kijani hutokana na mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya sponji yoyote. Husababishwa na jua na chakula kingi. Funika karibu nusu ya uso wa maji kwa mayungiyungi au kivuli cha neti, punguza samaki, na uwape chakula watakachokimaliza kwa dakika tano. Mabaki ya ugali wa jana si chakula cha samaki. Ni mbolea ya kijani hicho. Taa ya miale ya urujuanimno ndani ya chujio huyaangaza maji haraka, lakini balbu yake huchakaa baada ya karibu mwaka mmoja hata kama bado inawaka, na haifai kuitazama kwa macho. Mimi ningejaribu kivuli kwanza.

Mbu nao hawauawi na chujio. Hudhibitiwa na samaki, na maji yanayotingishika, na kingo ambazo hazikumezwa na nyasi. Tembea ukingoni jioni moja kwa juma na utazame pembe ambako maji yametulia. Ukiona viluwiluwi, ng'oa mimea iliyosongamana ili samaki wafike. Usimwage mafuta ya taa wala dawa ya kupulizia wadudu, maana utaua samaki na kubaki na kidimbwi ambacho mbu watakirudia. Iko dawa ya bakteria iitwayo Bti ambayo huua viluwiluwi bila kudhuru samaki, na hufaa ndani ya pipa pia. Kifuniko cha pipa kikae vyema, nao mdomo wa bomba la kutokea ufunikwe kwa neti ya dirisha.

Kisha kuna afya ya anayeosha. Vaa glavu, hasa ikiwa una jeraha mkononi. Mkojo wa panya ukiingia majini unaweza kuleta ugonjwa wa leptospira, na iko bakteria ya samaki ambayo husababisha vidonda vya ngozi visivyopona kwa miezi. Usivute maji kwa mpira ukitumia mdomo. Nawa kwa sabuni ukimaliza. Maji meusi ya pipa ni mazuri kwa migomba na maua, lakini usiyanyunyizie dania wala mboga zinazoliwa mbichi. Na waonye watoto kwamba maji maangavu ya kidimbwi si ya kunywa. Chujio hili ni la samaki. Halikutengenezwa kuondoa viini vya maradhi ya binadamu.

Kuhusu watoto wadogo, maji ya kina cha sentimita chache hutosha kumzamisha mmoja aliyeanguka kifudifudi. Wavu wa chuma uliowekwa juu ya uso wa maji na kushikiliwa imara, au ua wenye lango la kufungwa, uingie katika bajeti kabla ya chujio. Vilevile, pampu ni stima ndani ya maji. Mwite fundi wa stima aliyehitimu aweke swichi inayojikata umeme unapovuja, na uchomoe plagi kila unapotia mkono.

STIMA IKIPOTEA

Hapa kwetu stima hupotea, na chujio lazima lichaguliwe ukijua hivyo. Kwa saa moja au mbili hakuna tatizo. Ikipotea usiku mzima, bakteria walio ndani ya mtungi uliofungwa hufa kwa kukosa hewa na maji yake huwa sumu. Kabla ya kuwasha tena, toa maji yote yaliyokuwa ndani ya chujio na uyamwage nje, si kidimbwini. Kwa pipa, hiyo ni kufungua valvu tu. Sababu nyingine ya kulipendelea. Wakati huo usilishe samaki hata kidogo, kwani samaki mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula.

Ukijazia maji yaliyopungua kwa maji ya mfereji, yaache kwanza ndani ya pipa lililo wazi juani kwa siku moja au mbili ili klorini itoke, kisha uyamwage. Usiyaache zaidi ya hapo, kwa sababu iliyokwisha kutajwa.

Na ukiona, baada ya yote, kwamba kazi hii imekushinda, au unahama, au kijana aliyekuwa akikusaidia amekwenda shule ya bweni, usizime pampu na kukiacha kidimbwi kijikaushe chenyewe. Wape samaki anayeweza kuwatunza, usiwatupe mtoni. Toa maji yote, ukaushe pipa na kulilaza kifudifudi, kisha ujaze shimo udongo. Lakini kabla ya kujaza, toboa sakafu ya saruji au karatasi ya plastiki mahali kadhaa, la sivyo mvua ya Aprili itakirudisha kidimbwi, safari hii kikiwa bila samaki.